Bwana Uenaka, Mlaza Nyumba wa Tokachi

Bwana Katsuyoshi Uenaka anastaafu tarehe 20 Desemba, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Mabomba ya Otsubo miaka thelathini na tisa. Nimeambiwa niandike mimi kwa kuwa nimepanda naye gari moja majira tisa ya baridi. Mkono wangu umezoea koleo kuliko kalamu, mtanisamehe.

Alianza kwa kuchimba mitaro, kama mimi. Huku kwetu Tokachi, kwenye baridi kali, bomba la maji hufukiwa zaidi ya mita moja, la sivyo baridi hulifuata hukohuko. Mwaka wa nne akapewa mkoba wa fundi. Tangu hapo, kila Oktoba amekuwa akipita nyumba kwa nyumba: anayavisha mabomba ya ukutani sponji, anabadilisha raba za koki, anakagua nyaya za kuyapasha mabomba joto. Zaidi ya yote anahakikisha kuwa mpini wa kufunga maji na kumwaga yaliyobaki mabombani, ulio sakafuni karibu na bafu, unazunguka mpaka mwisho. Ukiishia katikati, maji huvuja chini ya nyumba kimyakimya, na watu huja kushtuka theluji ikiyeyuka mahali pasipo na jua.

Mafundi wengine humaliza nyumba kumi kwa siku. Yeye sita. Siku moja mkuu wetu, Bwana Otsubo, alichoka kuvumilia.

“Uenaka, wewe unafunga mabomba au unayabembeleza?”

“Nayabembeleza. Kwani wewe utotoni ulilala bila kubembelezwa?”

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini alikuwa anasema kweli. Akishazungusha mpini, hufungua koki zote, moja baada ya nyingine, kisha husimama tu. Koki huvuta hewa, fyuuu, na maji huteremka ardhini kusikoganda. Sauti hupungua, hupungua, halafu hakuna kitu. Bila hewa kuingia, maji hubaki yamening’inia ndani ya bomba, na usiku mmoja wa baridi hulipasua. Kwa hiyo haondoki mpaka nyumba imalize kupumua. Dakika zile, nje majani ya manjano yakidondoka kama mvua isiyolowesha, hata mimi niliyeamka na mgongo unaouma nilishindwa kujua kama inayolala ni nyumba au ni mimi.

Naye si malaika. Aliwahi kuingia chini ya sakafu ya mwalimu mmoja na kijiti chake cha kusikilizia mivujo, akakiweka sikioni, akapitiwa na usingizi. Mwalimu na mkewe walikaa kimya nusu saa nzima wakinyata, wasimharibie kazi. Alipotoka wakamuuliza amesikia nini. “Bahari,” akasema, na akaaga.

Mwaka ule baridi ilipofika nyuzi thelathini chini ya sifuri, simu ya karakana haikupumzika siku nne. Katika nyumba zote alizozitayarisha yeye, bomba lilipasuka katika moja tu. Huitaja mwenyewe kabla hujamuuliza.

Sasa anahamia Kochi, kusini kwenye joto, kwa kina mkewe, Bi Fumie, ambaye mapafu yake hayaiwezi tena hewa ya huku. Kilichomnyima raha vuli hii ni Bibi Toyo Kanazashi, mjane wa miaka themanini na saba, ambaye Bwana Uenaka ndiye amekuwa akimlazia nyumba, yaani kuyamwaga maji mabombani baridi ikizidi. Mwaka juzi Bibi alijaribu peke yake, bomba la jikoni likapasuka, na binti yake, Masae, akaapa kwamba likipasuka jingine nyumba itafungwa na mama atahamia kwake, kwenye jengo la ghorofa mjini Sendai. Bibi anasema ghorofani atakufa kwa kuangalia lifti.

Bwana Uenaka akaunga kwenye ule mpini kipande cha mpini wa jembe, ili mikono ya Bibi iuweze. Jumatatu nne mfululizo akamfundisha kulaza nyumba na kuiamsha, nami nikiwa mlangoni.

“Zungusha mpaka mwisho, mama.”

“Mwisho ndio huu.”

“Huo ni mwisho wako. Wa mpini bado.”

“Na ulimi wako nao hauna mwisho!”

Tarehe 9 Desemba Bibi alikwenda hospitali kupasuliwa jicho. Alimwaga maji mwenyewe, sisi hatukuitwa. Siku tatu, usiku na mchana, nyumba ikabaki tupu, baridi ikashuka nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Aliporudi, Masae alikuwa naye, tayari na masanduku matupu ya kufungia vitu, nasi tukaenda kushuhudia. Bwana Uenaka alisimama sebuleni, mikono mfukoni, asiguse chochote. Sijapata kumwona akihangaika vile.

Bibi akaurudisha mpini ili maji yaje. Mabomba yakakohoa, yakatetema. Kisha katika vyumba vya juu maji yakamwagika kwa kishindo.

“Limepasuka!” Masae akapiga kelele. “Mama, nilikwambia!”

Bibi akasikiliza, jicho moja bado na bandeji. “Hakijapasuka kitu. Nilifungua koki ya juu iingie hewa kabla sijaondoka. Leo nimesahau kuifunga. Panda ukaifunge, miguu yako ni mizima.”

Masae akapanda. Maji yakanyamaza. Tukangoja, sote tukiangalia dari, na dari ikabaki kavu. Akashuka, mikono ya sweta imelowa. Alichukua masanduku yake akayarudisha garini. Bwana Uenaka akakaa chini palepale sakafuni, akapangusa uso.

“Nenda Kochi, mwanangu,” Bibi akamwambia. “Mkeo anataka hewa.”

Bwana Uenaka, sisi wa mitaroni na wa ofisini tunakushukuru. Wewe na Bi Fumie mkalale vizuri huko na muamke na afya. Maisha yenu ya mbele yawe mema.

Maeshiro, kikosi cha mitaro