Mwalimu Joyness na Watoto Wenye Masweta

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Joyness Sedekia Mwakalinga, mchoraji wa vitabu vya watoto, alizaliwa Uyole, Mbeya, tarehe 11 Juni 1962, mtoto wa tatu wa Mzee Sedekia, asubuhi ya baridi ambayo mama alisema hata ng'ombe waligoma kutoka zizini.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Uyole kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari na chuo cha ualimu mkoani Iringa, akahitimu mwaka 1983 na kuanza kufundisha darasa la kwanza Iringa mjini, ambako kila ukuta aliopewa aliujaza picha, na mwalimu mkuu aliyemkataza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba achorewe ofisi.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Benjamini, mkulima wa mpunga wa Madibira, wakahamia Soweto, Mbeya, na Mungu akawajalia watoto wawili, Clement na Happy.

Mwaka 1994 mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alimpa kazi ya kwanza, kisha akamrudishia michoro yote, akimtaka awavue watoto masweta na mabuti na kuwapandia minazi nyuma yao, kwa madai kwamba hakuna atakayeamini mtoto wa Kiafrika anatetemeka kwa baridi. Dada yetu hakuwa mtu wa kupindishwa, alijua mtoto wa Uyole hajawahi kujiona kitabuni, akarudisha michoro ileile, ila safari hii hata mbuzi amevishwa sweta. Kazi ikakatwa, miaka ikapita bila mtu kumtafuta, nasi ndugu tukamshauri awachore tu hao wa minazi, akatuambia tukawachore wenyewe. Mvumilivu hula mbivu: mwaka 1997 mchapishaji mwingine akatoa kitabu chake *Asubuhi ya Uyole*, chenye watoto walewale wa masweta, kikaingia madarasani Mbeya hadi Iringa, vikafuata vingine kumi na tisa, na Juni moja yule mchapishaji wa kwanza akapanda mwenyewe kuja Mbeya kumbembeleza, akarudi Dar amevaa sweta la shemeji yetu, ambalo hadi leo hajalirudisha.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa hospitali hapa Mbeya, na huko muuguzi wake Nasrin, aliyekulia Mufindi, akamweleza kuwa utotoni alimwonyesha mama yake binti mmoja wa kitabu kile, akishikilia kwamba ni yeye. Joyness alimtazama sana, akasema ndiye, akalia kwa furaha. Alifariki tarehe 9 Agosti, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani wa Soweto mliomwazima sura zenu, na aliyechorwa mnene kupita alivyo atusamehe. Tumeumia, lakini tunakuzika kwa fahari. Pumzika kwa amani, Mwalimu, watoto wetu wamo kitabuni.