Kalista Mushi, Sauti Isiyokubali Kukaa Nyuma ya Pazia

Tuliokusanyika hapa Guangzhou kumuaga dada yetu, kabla hajasafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani, tusikilize maisha yake. Marehemu Kalista Evarist Mushi alizaliwa Umbwe, Kibosho, tarehe 14 Agosti 1984, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Evarist na Mama Albina.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Umbwe, kisha sekondari mjini Moshi, ambako wenzake walimcheka kwa Kiingereza chake cha kukwaruza "r". Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sanaa za maonyesho. Huko mhadhiri mmoja aliwasikilizisha tamthilia za Kiingereza za miaka mia nne iliyopita, zikitamkwa kama wataalamu wanavyoamini zilitamkwa enzi hizo. "R" zilinguruma. Mashairi ambayo leo vina vyake vimevunjika yalirudi kuwa na vina. Kalista alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe Waingereza wenyewe walikuwa wakiongea kama sisi wa Umbwe!" Tangu hapo hakuitamani tena lafudhi ya mtu.

Tarehe 17 Septemba 2011 alifunga ndoa Kibosho na Cornel Kessy, wakala wa kusafirisha mizigo, wakajaliwa Joyness na Calvin. Mwaka 2013 walihamia Guangzhou. Cornel alishughulika na makontena katika bandari ya Nansha, na Kalista akawa ananunua nguo kwenye soko la Zhanxi kwa ajili ya wateja wa Arusha. Uigizaji hakuuacha; mazoezi yake aliyafanya hukohuko sokoni. Siku moja alikuwa akisema maneno ya malkia wa tamthilia mojawapo ya zile za kale, aliyefiwa na mwanawe, na muuza jinzi akadhani mama huyu analalamikia bei. Alimkimbilia na kikokotoo, akashusha bei mara mbili kabla malkia hajamaliza kulia.

Mwaka 2023 kituo kimoja cha kufundishia Kiingereza kilimwita aigize malkia huyo mbele ya wazazi, kikamwahidi kumwombea kibali cha kazi. Alishona gauni. Siku ya mazoezi ya mwisho, mmiliki alimwonyesha binti wa Kizungu, mwanamitindo asiyejua mstari hata mmoja.

"Sauti yako ni ya ajabu," alimwambia, "ila wazazi wanataka sura ya Kiingereza. Wewe utasema nyuma ya pazia. Yeye atachezesha midomo."

Kalista alirudi nyumbani asiweze kula. Alisema jambo lile limemkaa mdomoni kama mafuta yaliyochacha.

"Vumilia, Mama Joyness," Cornel alimsihi. "Kibali kwanza. Muda wenu wa kukaa hapa unakwisha. Tukikikosa, itabidi mrudi nyumbani, wewe na watoto."

"Baba Joyness, watu wamenishika nywele kwenye treni, nimenyamaza. Hiki ni kinyaa. Sauti wanaitaka, mwenye sauti wanamwona uchafu."

Siku ya onyesho alikaa nyuma ya pazia kama alivyoagizwa, na binti yule akachezesha midomo. Malkia alipofika kwenye maombolezo ya mwanawe, Kalista alitoka na kipaza sauti mkononi, bila kukatisha mstari. Binti alibaki mdomo wazi. Mmiliki akaashiria kipaza sauti kizimwe, kikazimwa. Kalista alikiweka chini akaendelea, na watu wakamsikia mpaka viti vya nyuma. Bibi mmoja wa Kichina, aliyekuja na mjukuu wake, alilia waziwazi.

Kibali hakikuombwa. Baadaye kituo kilisambaza video: uso wa binti, sauti ya Kalista, na jina la Kalista halimo. Alipoitazama alikimbilia chooni kutapika. Familia haitalipaka sukari jambo hili. Lilikuwa uchafu, na linabaki uchafu.

Alirudi Kibosho na watoto, wakakaa huko karibu mwaka mzima, mpaka Cornel alipofanikiwa kuwapatia kibali cha familia. Walipoungana tena, Kalista alianza kumwigiza malkia yule kila Jumamosi mchana katika mgahawa wa rafiki yake Mkenya, Adhiambo, mbele ya wafanyabiashara na mizigo yao miguuni. "Dadangu, Kiingereza hicho cha kale sielewi hata neno moja," Adhiambo alimwambia mara ya kwanza, "lakini huyo mama ameumizwa kweli."

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua kwa uchungu mwingi. Alifariki dunia hapa Guangzhou tarehe 6 Aprili 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Cornel.

Juzi kituo kilekile kilileta shada la maua, pamoja na ombi la kuendelea kuitumia sauti yake. Cornel alimrudishia mjumbe shada lake palepale mlangoni. "Mwambie bosi wako marehemu ana sura," alisema. "Ile pale kwenye picha. Aje aiangalie kwanza."

Kalista ameacha mume, Cornel. Watoto, Joyness na Calvin. Mama mzazi, Albina. Na ndugu zake, Flavia na Robert, anayewasomea maneno haya. Mungu ampokee uso kwa uso, ampumzishe katika amani yake.