Aliyekaa na Wanaoelea: Kumuaga Muuguzi Estill Caudill

Ijumaa ya mwisho ya Septemba hii, Estill Caudill atavua kitambulisho shingoni na kukitua mezani, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuuguza watu katika Kliniki ya Pigeonroost. Wakubwa walitaka wasifu wake uandikwe na mtu mwenye shahada. Yeye akasema uandikwe na Arbutus anayefua mablanketi. Mimi shule sikwenda, herufi nilizijua ukubwani kwa kusoma makopo ya dukani. Ukiona neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe.

Estill alianza maisha chini ya ardhi. Alichimba makaa ya mawe tangu akiwa na miaka kumi na minane, hadi mgodi ulipofungwa. Wenzake wakahamia Ohio kutafuta viwanda. Yeye akaenda chuoni kujifunza kuchoma sindano, dume zima lenye mikono kama sepetu, kati ya wasichana ishirini. Mama yake aliwaambia watu wa kanisani kwamba mwanawe amepata kazi hospitalini, akanyamaza hapo, akawaacha wadhani anaendesha gari la wagonjwa.

Sijaona mikono mizito inayogusa kwa wepesi namna ile. Ameosha vidonda ambavyo wenye vidonda wenyewe walikuwa wameshindwa kuvitazama. Mwaka wa mafuriko makubwa alizalisha mtoto nyuma ya pikapu, maji yakiwa yamefika kwenye magurudumu. Mtoto huyo sasa ni askari wa barabarani na ameshamtoza Estill faini ya mwendo kasi. Estill anasema hajawahi kulipa faini kwa furaha kama ile.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ilimkuta ana mvi tayari. Ni miaka sita tangu tuanze kutoa dawa ya kupuliza puani, kwa watu wenye sonona iliyokataa dawa za kawaida. Hawa ni watu waliokwisha kumeza vidonge vya kila rangi, na kila asubuhi wakaamka wakiwa na jiwe lile lile kifuani. Hawapewi dawa hii waende nayo nyumbani. Mgonjwa hukaa kwenye kiti kinacholala, akajipulizia mwenyewe muuguzi akiangalia, akapumzika kidogo, akapuliza tena. Hapo haachiwi aende zake. Atakaa saa mbili, apimwe presha, aangaliwe, na mtu mwingine ndiye atamwendesha kurudi kwake. Asiye na wa kumwendesha hapulizi.

Saa mbili hizo ndizo alizokuwa akizikaa Estill.

Chumba kile nakijua kwa sababu nakifagia. Taa zimepunguzwa hadi kila kitu kina rangi ya chai. Mtu anaonja uchungu wa dawa ukishuka kooni, Estill anampa pipi ya ndimu, halafu mtu yule anaanza kuondoka huku amekaa pale pale. Miguu inakwenda mbali. Dari linageuka mto wa maji. Mama mmoja alisema ameketi ndani ya sauti ya kanda ya zamani, na sauti ilikuwa na joto kama mkate. Mzee mwingine alituambia kwamba kwa muda fulani alikuwa harufu ya majani yaliyokatwa, basi, hana mwili wala bili ya umeme, akatamani abaki hivyo hadi Jumapili. Nimepeleka mablanketi mle nikatoka nikitembea polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga maji.

Estill hakuwaingilia safari zao. Alikaa pembeni na ndoo ya maharage mabichi ya maganda kutoka shambani kwake, akiyatoa nyuzi na kuyavunja vipande, tak, tak, tak. Msimu wa maharage ukiisha, alibangua karanga. Wagonjwa waliizoea sauti ile. Walisema ukielea sana unaisikia kwa mbali, unajua duniani bado kuna mtu na anaandaa chakula cha jioni.

Halafu tukaletewa meneja mpya kutoka mjini. Mwanamke mwenye bidii, simsemi vibaya, ila alikuwa na kanuni kama wengine walivyo na mafua. Akapiga marufuku chakula katika chumba cha matibabu. Estill akaitoa ndoo. Chumba kikawa kimya, kisafi, kama ndani ya friji.

Katika ukimya ule ndipo alipoingia Lonzo Begley. Ameniruhusu niandike habari zake, na amesema nikipunguza chochote atanisuta mbele ya watu.

Lonzo alichimba pamoja na Estill zamani. Mkewe alifariki, na tangu hapo akawa anazimika taratibu. Vidonge vya kwanza havikumsaidia, vya pili vikamnenepesha tu. Dada yake, Vesta, ndiye aliyemleta kwetu kwa gari lake, akimsukuma mlangoni kama ng'ombe anayekataa zizi. Mara ya kwanza tu, dawa ilipompokea, Lonzo hakwenda kwenye mto wala kwenye majani. Alishuka. Alirudi mgodini, taa ya kofia imezimika, na hakuna mtu. Estill alikuwapo hatua moja kutoka kwake, amemshika kiganja, anamwita, lakini Lonzo hakumsikia. Dawa ilipomwachia alilitupa blanketi langu chini. "Mimi siji tena," alisema. "Nimeshakaa gizani bure. Silipii."

Siku nne baadaye Vesta alipiga simu, na Estill ndiye aliyeipokea. Nilikuwa nafuta kaunta.

"Amegawa mbwa," Vesta alisema, sauti yake ikisikika hadi nilipo.

"Wangapi?"

"Wote, Estill. Hata yule kikongwe kiziwi."

Huku kwetu milimani mwanamume hagawi mbwa wake wa kuwindia. Atagawa kiti anachokalia kwanza. Akiwagawa wote bila kuulizwa bei, anapanga safari isiyo na kurudi. Estill alijua, mimi nilijua, Vesta alijua, ndiyo maana sauti yake ilikuwa nyembamba vile. Estill akamwambia azitoe bunduki zote nyumbani kwa kaka yake saa hiyo hiyo na asimwache peke yake. Akaenda kwa daktari, wakazungumza mlango umefungwa. Jioni ile daktari mwenyewe alikwenda kumwona Lonzo, na wakapatana naye kwamba Vesta atalala kule hadi atakapotulia.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya Estill. Alikwenda barazani kwa Lonzo na ndoo, akaketi, akaanza kuvunja maharage. Vesta alinisimulia yote, alikuwa nyuma ya wavu wa mlango.

"Umekuja kunihubiria?" Lonzo akamuuliza.

"Nimekuja kuvunja maharage. Kwangu wajukuu wanapiga kelele."

"Daktari amekutuma."

"Daktari hajui hata maharage yanavunjwa upande gani."

Walikaa hivyo mpaka jua likasogea kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mwishowe Lonzo, kwa kuchoka kutazama, akachota konzi moja akaanza naye. Alikuwa anayaharibu. Estill akamwambia, "Marehemu mkeo alikuwa anakupikia wewe au alikuwa anakuonea huruma?" Vesta anasema pale kaka yake alitoa pumzi ambayo kwa mtu mwingine ungeiita kicheko.

Ndipo akasema. "Kule chini hakukuwa na sauti, Estill. Unakumbuka walivyotufundisha? Ukifukiwa, gonga dari, na wewe usikilize wa juu wakigonga. Nilisikiliza. Hakuna aliyegonga."

Estill akaweka ndoo chini. "Kosa langu," akasema. "Nilikuwapo, lakini nilinyamaza. Njoo Alhamisi. Nitagonga mpaka vidole vichubuke."

Alhamisi Lonzo alikuja. Sitasema alikuja kwa hiari. Alikaa kwenye gari la Vesta hadi kioo kikaingia ukungu, na sote humu ndani tukawa tunajifanya tuna kazi karibu na dirisha. Alipoingia, hakumtazama mtu. Estill alikuwa ameshairudisha ndoo chumbani, kinyume cha kanuni zote. Daktari alipita mlangoni, akaiangalia ndoo ile vizuri kabisa, akasema haoni ndoo yoyote.

Lonzo akapuliza. Akashuka tena mgodini, hilo ametuambia mwenyewe, dawa haikumwonea haya. Lakini safari hii kulikuwa na tak, tak, juu kabisa, na yeye akatulia gizani akisikiliza, kama mtu aliyelala akisikia mvua kwenye bati. Halafu giza likawa laini. Mgodi ukafunguka upande mmoja, na ng'ambo ya pili kulikuwa na bustani ya mkewe, bila mkewe, lakini imemwagiliwa maji.

Meneja alimwandikia Estill barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka yake yote. Aliipokea kwa adabu, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza ya chai uliokuwa unayumba. Meza sasa imetulia. Na niseme haki, baada ya kuwasikiliza wagonjwa, meneja huyo huyo ndiye aliyeandika kanuni mpya: kila mgonjwa achague sauti anayoitaka chumbani. Wengi wanachagua maharage.

Msidhani Lonzo aliamka siku moja anaimba. Dawa hii si uchawi, na wapo ambao haikuwafaa hata kidogo, Estill akawasindikiza kwenye matibabu mengine na bado anawapigia simu. Kwa Lonzo ilikuwa taratibu, mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja. Yeye mwenyewe hakuona kitu. Aliyeona ni Vesta. Alikuja hapa kaunta ana machozi, tukashtuka. "Amesema kahawa yangu mbaya," akatuambia. "Tangu msiba ananywa chochote ninachomwekea, hata maji ya kuoshea vyombo angekunywa. Leo ameonja, amekunja sura, amesema Vesta, hii ni tope." Akawa analia na kucheka, na mimi pia, ingawa ni kweli kahawa yake ni tope.

Mbwa walirudi, isipokuwa jike mmoja ambaye jirani amekataa katakata kumrudisha, na ugomvi wao umempa Lonzo afya kuliko matembezi. Bado anakuja kwa ajili ya dawa, kila baada ya wiki mbili. Siku zisizo zake, yeye ndiye anayewaendesha nyumbani wagonjwa wasio na ndugu.

Ndiyo maana habari ya kustaafu ilimpiga. Mwezi wa saba alimwambia Estill mbele yetu, "Ukiondoka, na mimi ndiyo basi." Hakuwa anatania. Tulijua Lonzo alikotoka.

Estill hakubishana naye. Wiki iliyofuata alimketisha muuguzi mpya, binti mtulivu anayeitwa Tressa, kwenye kiti chake, yeye akakaa mlangoni na ndoo. Mara iliyofuata alikaa koridoni, mlango wazi kidogo. Kisha karibu na kaunta. Lonzo alijua, alikuwa anauliza kabla ya kupuliza, "Yuko wapi leo?" naye anaambiwa ukweli.

Wiki iliyopita Estill alikaa nje kabisa, kwenye pikapu yake, upande wa pili wa uwanja wa magari, vioo vimepandishwa. Lonzo hakuuliza. Alipuliza, akafumba macho, na Tressa akakaa naye bila kuvunja chochote, akipumua tu. Nilikuwa mle nikibadilisha blanketi. Uso wa Lonzo ulikuwa kama ziwa asubuhi. Saa mbili zilipokwisha alitoka nje, akamkuta Estill amesinzia kwenye usukani, akagonga kioo.

"Ulikuwa huku muda wote?"

"Muda wote."

"Mbona nilikusikia?" Lonzo akasema, na akaenda zake kwenye gari la Vesta, akiwa ameshaanza kulalamikia kahawa.

Estill, umetupima presha, umetuchekesha, umekaa karibu na giza la watu miaka sita bila kukimbia. Asante. Asante pia kwa mkeo, Nola, aliyekula maharage yaliyovunjwa kazini bila kuuliza yamesikia siri gani. Sasa nisikilize vizuri, maana sitarudia. Watu wanaokaa na wenye giza, wakiacha kazi, wakati mwingine giza huwafuata nyumbani likiwakuta hawana shughuli. Likikujia usilifiche kwa sababu wewe ni muuguzi. Njoo. Lonzo ameshasema atakuendesha, Tressa atakaa nawe, na blanketi nitalipasha joto mimi kwenye mashine kabla hujafika. Lakini kwanza nenda ukaishi vizuri, mwanangu, ulale hadi jua liingie chumbani, na maisha yako yajae kelele za wajukuu.