Mama Kavata Aenda Kusoma Aljebra

Ukitoka Soko la Burma nguo zikiwa bado zinanuka moshi wa nyama, ukashika njia ya Kariokor, ilikuwa lazima upite kijiwe cha Burale. Na ukipita bila kuketi, ulisemwa. Kilikuwa benchi moja refu lililoegemezwa ukutani, jiko la makaa, birika la shaba, vikombe visivyo na mikono na sinia ya kashata. Mwaka huo wa themanini na moja benchi lilikuwa na wenyewe watatu. Kulikuwa na Mativo, dereva wa lori la Mombasa, aliyeitwa Gia kwa sababu hata akisimulia habari za mazishi mkono wake wa kushoto ulikuwa unabadilisha gia. Kulikuwa na Gachanja, tarishi wa mahakamani, ambaye kwa kubeba mafaili ya kesi alijiona amebakisha kidogo tu awe hakimu, wakamwita Jaji. Na kulikuwa na mzee Ngigi, fundi wa viatu vya tairi pale Kariokor, aliyeitwa Akala, na aliyekuwa na mpwa wa kutolea mfano kwa kila jambo duniani. Hao watatu hawakuwahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha, na wote wakiwa wamelowa.

Jioni hiyo Syombua, mama yake Kavata, alifika akiwa amevaa sketi yake ya kanisani na mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa mpokea simu. Miaka na miaka alikuwa amekaa mbele ya ubao wa waya akiunganisha watu wengine wazungumze, na sasa alitaka kuwa fundi wa hizo simu zenyewe. Kozi ya ufundi haikumkataa. Ilimwambia tu apite kwanza aljebra, darasa la jioni katika chuo cha ng'ambo ya barabara, na kwamba asiyefika siku ya kwanza nafasi yake inapewa mwingine. Siku ya kwanza ndiyo hiyo. Hakuwa ameketi darasani tangu akiwa msichana, na miguu yake ilijua, kwa maana badala ya kuvuka barabara ilimleta kwa Burale.

— Kikombe kimoja tu, alisema. Niko na darasa.

— Darasa ya nini, Mama Kavata? Gia aliuliza.

— Aljebra.

Benchi zima lilisogea kumpa nafasi, kama vile amesema amefiwa.

— Pole, Akala alisema.

— Pole ya nini, mzee?

— Wewe kunywa kahawa kwanza.

Jaji alikohoa. Jaji akikohoa, wote walijua hukumu inakuja.

— Mama Kavata, mimi nitakueleza vile iko, ndio usishtuke. Ukifika tu pale mlangoni, unanyang'anywa namba.

— Namba gani?

— Zote! Moja, mbili, tatu, unaacha nje. Namba ni ya watu wa sokoni. Huko ndani ni herufi. A, b, x. Mtu anaandika a, anajumlisha na b, na hakuna mtu anacheka.

— Sasa hiyo x ni nini? Syombua aliuliza. Alijua kidogo, lakini alitaka kusikia mtu mwingine akisema.

— X ni mshukiwa. Hajakamatwa, kwa hivyo hatuwezi taja jina yake. Darasa yote ni kumtafuta. Na y ni shahidi, lakini ni shahidi mwongo. Kila ukimuuliza x ako wapi, anakwambia inategemea.

— Wacha uongo, maze! Gia aliruka, mkono ukaingia gia ya pili. Aljebra ni mizani. Mimi napitisha lori kwa mizani kila wiki, nikuambie mimi. Kuna upande huu na upande ule. Ukitoa gunia huku, toa gunia kule. Ukiongeza huku, ongeza kule. Usipofanya hivyo unalala kwa mtaro pale Mtito Andei, magurudumu yakiangalia mbingu.

— Ulilala lini? Jaji aliuliza.

— Si mimi. Ni mtu najua.

— Alikuwa anafanya aljebra?

— Alikuwa anafanya vitunguu. Lakini ni mambo ile ile.

Syombua alicheka kidogo, kahawa ikamwagikia kidole. Lakini bado alikuwa na hakika kwamba huko darasani watamcheka: vijana wenye tai, waliotoka shule juzi juzi, watamwona akihesabu kwa vidole kama mtoto wa nasari. Jana usiku Kavata, binti yake, alimwambia, "Mama, usiogope, ni hesabu tu," na yeye akaitikia kwa sauti ya mtu asiyeogopa. Alikuwa anaogopa sana.

Hapo ndipo dada mmoja alipofika kijiweni, mwembamba, blauzi imepigwa pasi ikapigwa tena, na mzigo mrefu uliofungwa kwa gazeti. Aliuliza kwa upole kama anaweza kuketi.

— Karibu, sista, Gia alisema, akiutazama ule mzigo kwa upendo. Umetoka Burma? Hiyo ni mguu wa mbuzi?

— Hapana, dada alijibu, akauvuta karibu.

— Si mbaya. Kila mtu na siri yake. Burale, mpe sista kahawa.

Burale akammiminia. Benchi likarudi kwenye kesi yake.

— Nyote mnacheza, Akala alisema. Sasa sikieni mambo ya kweli. Mpwa wangu Wanyoike alisoma hiyo kitu. Kijana mzuri, mpole. Wiki ya kwanza ikaanza: akikuna sikio moja, lazima akune na ingine. Kinyozi akimkata kidogo hapa, anasema, kata na hapa, pande mbili ziwe sawa. Na hapa tena. Akatoka huko kichwa kama yai.

— Hiyo ni kinyozi mbaya tu, Jaji alisema.

— Ngoja! Akaoa. Msichana wa Murang'a, mama yake akafurahi. Baada ya mwaka Wanyoike anakaa anawaza, anasema, upande wa baba huko Murang'a nimeongeza mmoja, upande wa mama huko Kitui sijaongeza kitu.

— Wacha! Gia alipiga kelele, mkono hewani.

— Akaongeza. Sasa ako na nyumba mbili, na zinamshinda zote sawasawa.

Hata Burale, ambaye kwa kawaida alicheka kwa macho tu, aliweka birika chini. Syombua alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, na dada mgeni naye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika haraka.

— Lakini hiyo yote si kitu, Jaji alisema, akiona amepitwa. Shida ni odijo.

— Mwalimu? Syombua aliuliza, na kicheko kikamwisha.

— Huyo. Mwalimu wa aljebra hapepesi macho. Chunguza. Anakuangalia mpaka unasahau jina ya baba yako.

— Na anaandika akikupa mgongo, Gia alisema, lakini ukipiga miayo huko nyuma anakuita kwa jina. Ako na macho kwa shingo, hapa, chini ya kola. Ndio maana wote wanavaa kola.

— Mpwa wangu alisema wake alikuwa anakula chaki, Akala alisema.

— Anakula?

— Nyeupe mchana. Za rangi siku ya sikukuu. Na usingizi hana. Usiku anatembea mitaani akiuliza watu maswali kwa dirisha. Mtu amelala na mke wake Donholm huko, anasikia sauti: tafuta x!

— Haki mnanitisha, Syombua alisema. Alisema kwa kucheka, lakini aliutazama mkoba wake, kisha akaitazama barabara, akawaza kwamba nyumbani kuna maharagwe ya kuchemsha na hakuna mtu angemlaumu. Angesema alichelewa kazini. Kikombe kilikuwa kimekwisha, na alikinyoosha kwa Burale aongezewe.

— Sisi hatukutishi, Jaji alisema. Tunakuandaa. Huyo mtu wa kufundisha aljebra ameumbwa tofauti. Moyo yake ni mawe. Haogopi kitu.

— Samahani, dada mgeni alisema.

Walimgeukia. Kikombe chake kilikuwa kimejaa bado. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

— Nauliza tu. Mwanafunzi mmemwandaa vizuri. Na mwalimu, kama anaogopa, yeye huambiwa nini?

Mkono wa Gia ulibaki hewani, haujui uingie gia gani. Akala alitafuta mpwa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi hilo, akakosa mpwa.

Syombua ndiye aliyekuwa ameketi karibu zaidi na dada mgeni. Aliona gazeti la ule mzigo limeraruka kwenye kona, na ndani yake ncha ya pembetatu kubwa ya mbao, ile ya kuchorea ubaoni. Aliitazama ile ncha, akautazama uso wa dada, ambao ukiutazama kwa makini ulikuwa uso wa kitoto.

— Ni leo? aliuliza polepole.

— Ni leo. Darasa langu la kwanza maishani. Naitwa Perez. Nimekizunguka hicho chuo mara sijui ngapi. Niliambiwa wanafunzi wote ni watu wakubwa, watu wa maofisi. Kuna mmoja ana umri wa mama yangu. Nitamwambiaje mtu kama huyo kwamba amekosea?

— Huyo ni mimi, Syombua alisema.

Walitazamana. Halafu wakaanza kucheka wote wawili, kicheko cha kushikana mabega, mpaka kahawa ya Perez ikamwagika yote miguuni kwa Gia, ambaye alikuwa anatafuta mahali pa kujificha.

— Madam, Jaji alisema akisimama, kofia mkononi. Yale maneno ya chaki, naomba yafutwe kwenye rekodi.

— Na ya kola, Gia alisema.

— Ya chaki yalikuwa ya mpwa wangu, Akala alisema. Mimi nilikuwa nayabeba tu.

— Mwalimu, Syombua alisema, unaogopa nini hasa? Kusahau?

— Kusahau. Kusimama pale mbele nikose la kusema, na wao wananiangalia.

— Basi nikiona umekwama nitainua mkono niulize swali.

— Na nisipokwama?

— Nitainua tu. Mimi nina maswali mpaka mwezi ujao.

Alisimama, akakung'uta sketi. Ilimjia ghafla kwamba ile hofu aliyokuja nayo hakuisikia tena pale ilipokuwa. Labda haikuwa imeondoka, labda ilikuwa imepata kazi nyingine ya kufanya. Alimshika Perez mkono kama anavyomshika Kavata wakivuka barabara, wakavuka. Nyuma yao Gia alikuwa amepata sauti yake tena, akiwapigia kelele magari yasimame, na Jaji akimwambia hana mamlaka hayo.

Chuo kilikuwa na korido ndefu iliyonuka rangi mpya. Mlango wa darasa ulikuwa wazi na sauti za wanaume zilitoka nje. Perez alisimama kabla ya kufika, akaegemea ukuta.

— Tuingie pamoja, alisema.

— Hapana. Mwalimu haingii na mwanafunzi. Wewe ngoja hapa kidogo, mimi nikae kwanza.

Syombua akaingia. Ilikuwa vile alivyoogopa: tai, kalamu mifukoni, vijana wa kunyoa mara moja kwa wiki. Mmoja aliyekaa karibu na mlango alimwambia kwa heshima zote, "Mama, kufagia ni baadaye, sasa tunataka kuanza." Wengine wawili wakacheka.

— Nitafagia nikimaliza kusoma, Syombua alisema, akapita mpaka dawati la mbele kabisa, akaketi, akaweka mkoba.

Kisha Perez akaingia. Zile sauti hazikuzimika. Walimwona msichana na mbao zake wakadhani ni mtu wa kuleta vifaa, wakaendelea na habari zao za mpira. Alifika mezani, akaweka mzigo, akasimama akiutazama ubao mtupu. Syombua aliona mgongo wake umekauka.

Alikuwa ameahidi kuinua mkono. Lakini swali halikuja, wala hakuna kilichokuwa kimefundishwa cha kuulizia. Kilichokuja ni kile alichofundishwa kule Machakos kabla hajajua hata kusoma, na ambacho mwili wake haukuwa umekisahau. Aliinuka. Alisimama wima kando ya dawati, mikono imenyooka, mama mzima na sketi ya kanisani, akasema kwa sauti ya kupasua:

— Gudi ivning, mwalimu!

Habari za mpira zikakatika. Halafu kiti kimoja kikakwaruza sakafu. Kingine. Yule wa mlangoni akainuka bila kujua kwa nini anainuka, na waliocheka, na wa nyuma, na viti vyote vikakwaruza pamoja, na sauti nzito za wanaume wa maofisi zikaitikia kwa ule wimbo ambao kila mtoto aliyepita shule za nchi hiyo anaujua:

— Gu-di ivning, mwa-li-mu!

Perez aligeuka. Aliwatazama wamesimama, safu kwa safu, wakimngojea. Macho yake yakajaa machozi na mdomo ukaanza kutabasamu. Wenye tai wakaanza kutazamana, bado wamesimama. Syombua akainua mkono.

— Ndiyo, mama?

— Mwalimu, tuambie tukae.

— Kaeni, Perez alisema.

Wakakaa, naye akachukua chaki.