Sili za Pikipiki ya Borafya

Baraza ya nyumba yetu, Kiponda, ina wenyewe, na wenyewe si sisi tunaolala ndani. Kila siku baada ya sala ya alasiri hukaa Machano, tarishi wa mahakama, ambaye kwa kusikiliza kesi za watu miaka kumi na mbili amepata jina la Hakimu. Kando yake hukaa Shamsi, aliyewahi kupaka mafuta mashine za meli, basi mtaa mzima unamwita Injinia. Wa tatu ni Muhiddin Redio, fundi cherehani, ambaye hajapata kuulizwa jambo akasema hajui. Mzee Ame huwamiminia kahawa kutoka kwenye dele lake. Jumapili moja ya mwaka 1970 mume wangu, Borafya, alikuwa amesimamisha pikipiki mbele yao, na chini ya gurudumu la mbele palikuwa na doa la mafuta kubwa kama sahani. Shokapu za mbele zilikuwa zinavuja kwa mara ya tatu tangu sikukuu. Alhamisi mafuta yalishuka mpaka kwenye breki, na pale Mtoni, tulipokutana na gari la ng'ombe, breki haikushika. Tulisimama gurudumu la mbele likiwa chini ya lile gari. Nasema tulisimama kwa sababu mimi ndiye ninayepanda nyuma. Mimi ni mkunga, na kila Jumatatu na Alhamisi Borafya hunipeleka Kiwengwa.

Juu ya gazeti zilipangwa sili jozi mbili, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta yasitoke kwenye shokapu. Jozi moja ilikuwa asli, ndani ya kiboksi chake, imeletwa na baharia kutoka Mombasa. Nyingine ilikuwa bandia, imechongwa na fundi wa Darajani kutoka kwenye mpira wa lori. Borafya alipewa zote aangalie, na ile asiyoitaka ilitakiwa irudi kwa mwenyewe kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa ukumbini nachemsha mikasi yangu, mlango uko wazi.

— Tia asli, alisema Injinia. Mie sioni kesi hapa.

— Kesi ipo, alisema Hakimu. Borafya, mwezi uliopita ulitia nini?

— Bandia.

— Ikadumu siku ngapi?

— Kumi na nane.

— Na kabla yake?

— Asli.

— Siku ngapi?

Borafya alijikuna shingo.

— Ishirini na moja.

— Umesikia, yakhe? Asli imeshinda kwa siku tatu, alisema Injinia.

— Siku tatu zenyewe ilinyesha mvua, pikipiki haikutoka, alisema Redio. Nilikuwepo hapa hapa. Usihesabu siku za kulala.

Mzee Ame aligonganisha vikombe, akamimina. Hakimu alikunywa kwanza, kama kawaida yake, halafu akarudisha kikombe.

— Nani alizitia mara zote mbili?

— Mimi, alisema Injinia. Na nilizitia vizuri. Hata bomba la shokapu nililikuta na madoa, nikalisugua kwa msasa mpaka likang'aa.

— Basi aliyezitia ni mmoja, na zote zimevuja, alisema Hakimu.

— Unanishitaki mimi?

— Naweka mambo sawa tu.

— Hebu tusigombane kwa kitu kinachojulikana, alisema Redio. Hizo za asli zinatengenezwa nchi za baridi. Mpira wa huko umezoea baridi. Unautoa kwenye theluji, unaupeleka Kinyasini saa saba ya mchana. Hautotoka jasho?

— Mpira hautoki jasho.

— Mbona wewe unatoka, na hukutengenezwa Ulaya?

Mzee Ame alicheka peke yake. Injinia aliweka kikombe chini kwa nguvu.

— Haya. Tuseme asli inatoka jasho. Hiyo bandia yako ni mpira wa lori. Mpira wa lori kazi yake tangu kuzaliwa ni kuzunguka. Shokapu haizunguki, inakwenda juu na chini. Utaufunzaje kazi mpya mpira mzee kama ule?

— Unaulaza kwenye samli siku mbili. Unasahau.

— Unasahau nini?

— Kuzunguka.

Nilizima stovu. Nilikuwa nimesikiliza mambo haya siku tatu mfululizo, na hiyo ya samli ilikuwa mpya, lakini haikunisaidia.

— Mimi nshakata shauri, alisema Hakimu. Mguu wa kushoto atie asli. Mguu wa kulia atie bandia. Aende Kiwengwa na kurudi. Utakaovuja ndio wenye makosa.

— Hapo umesema, alisema Redio.

— Na mke wangu akiwa nyuma? aliuliza Borafya. Ndilo neno lake la kwanza la maana siku ile.

— Atakuwa shahidi.

Nilitoka mpaka mlangoni na kitambaa changu mkononi.

— Shahidi akivunjika shingo, kesi inaendelea?

Hakimu alitazama ndani ya kikombe chake kitupu.

— Bi Mwanaasha, sisi tunatafuta salama yako.

— Mnaitafuta tokea Ijumaa. Borafya, kule Kiwengwa Mwatima mtoto amemkalia kitako, na tumbo lenyewe la kwanza. Nimemwambia asijifungue bila mimi. Sasa nnataka jibu moja. Kesho alfajiri breki itashika au haitoshika?

— Inshaallah itashika.

— Mungu simuulizi. Nnakuuliza wewe.

Borafya aliziokota zile asli, akazirudisha, akaziokota zile bandia. Mume wangu si mjinga. Ni mtu asiyependa kumuudhi rafiki, na pale mbele yake walikaa watatu wenye maneno matatu.

— Mie nnaona asli, alisema polepole.

— Ukitia asli na ikavuja, usinirudie, alisema Redio. Na kesho usisahau pweza wangu. Wa juzi alikuwa kama mkono wa mtoto.

— Wangu wampige vizuri alainike kabla hujampakia, alisema Hakimu. Meno yangu unayajua.

— Mimi wawili, alisema Injinia. Wageni wanakuja.

Borafya aliitikia kwa kichwa. Kila tunaporudi Kiwengwa huwatundika pweza kwenye usukani, kushoto na kulia, wamefungwa kwa ukindu, na hufika mjini wakiwa bado wanadondosha maji ya bahari. Ndivyo anavyolipia ushauri wa barazani.

Hapo ndipo alipotokea mtu kwenye kona, anakuja mbio na viatu mkononi. Nilimjua kabla hajafika. Alikuwa Makungu, mvuvi wa Kiwengwa, shemeji wa Mwatima. Ndiye anayetuuzia hao pweza.

— Shikamoo, Mzee Ame. Bi Mwanaasha, Mwatima kashikwa tokea asubuhi.

— Maji yameshatoka?

— Bado. Mamangu yuko naye. Kasema nije, nisimletee mtu mwengine.

— Umekuja na nini?

— Lori la nazi. Linateremsha mzigo Darajani. Likimaliza linarudi.

Nilipiga hesabu. Lori la nazi husimama Mahonda, husimama Kinyasini, husimama kila penye mtu mwenye kikapu. Pikipiki nzima ingetufikisha kwa nusu ya muda huo. Borafya naye alipiga hesabu hiyo hiyo, maana tayari alikuwa amepiga magoti na spana mkononi.

— Injinia, dakika ngapi?

— Nikifanya haraka, nusu saa.

— Fanya haraka. Tia asli.

— Tia bandia, alisema Redio. Asli inataka kuzoea kwanza. Bandia inashika papo hapo.

— Moja moja, alisema Hakimu. Shauri nshalikata.

— Wewe nyamaza na shauri lako, alisema Borafya, na sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu barazani. Alimpa Injinia spana.

Injinia alilegeza ule mpira mweusi wa mikunjo uliofunika mguu wa shokapu, akausukuma juu. Maji kidogo ya rangi ya chai yalimwagika, yakashuka juu ya vidole vyake. Alijifuta kwenye suruali, akaendelea kufungua. Makungu, aliyekuwa amesimama pembeni anahema, aliinama. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye bomba la chuma, kutoka juu kwenda chini. Ukucha ulikwama, ukaruka, ukakwama tena. Tulisikia sote.

— Hapa pamekuwaje? aliuliza.

— Madoa tu, alisema Injinia. Nilishayasugua.

Makungu alinusa kidole chake. Akakilamba, akatema.

— Hii chumvi. Mchokoo wangu wa kuchomea pweza nisipouosha kwa maji ya kisima siku mbili, chuma chake kinakuwa hivi hivi. Ukishika vibaya unakata mkono.

Alichukua sili moja kutoka kwenye gazeti. Hakutazama ilikuwa ya kiboksi au ya fundi. Aliipindapinda kwa vidole, akailaza juu ya lile bomba lililokwaruzika, akamtazama Hakimu, kwa kuwa ndiye aliyekaa kama mkubwa wao.

— Mie sijui mambo ya pikipiki, bwana. Nauliza tu. Kipira hiki kikipita hapa juu na chini, kiwe asli au bandia, kitapona vipi?

Hakimu alimtazama Injinia. Injinia alitazama kipande cha msasa ndani ya mkoba wake wa spana, akaufunga mkoba. Redio alilikunja gazeti juu ya sili zilizobaki. Juu yao, kwenye usukani, kipande cha ukindu cha Alhamisi kilikuwa bado kimefungwa, kimekauka, kina chumvi nyeupe.

— Mzee Ame, alisema Hakimu baadaye, tutilie kahawa.

Mzee Ame aliliinamisha dele. Yalitoka machicha.

Nilikwisha kuingia ndani na kutoka. Mikasi, pamba, dawa, mkoba. Borafya alikuwa bado amepiga magoti.

— Nisamehe, alisema.

— Rudisha zote mbili kwa wenyewe. Tafuta bomba. Makungu, twende, lori lisituwache.

Tulifika Kiwengwa magharibi inaingia, mimi nikiwa nimekaa juu ya magunia. Mtoto alitoka kitako kwanza, buluu, kisha akalia. Ni mwanamke. Mwatima alishonwa nyuzi tatu, akala uji.

Jumanne niliporudi, pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani haina mguu wa mbele, na wao walikuwa barazani, kahawa imejaa. Walinipa mkono wa pongezi, wakauliza mtoto gani, wakashukuru Mungu. Halafu wakaendelea na walilokuwa nalo. Walikubaliana kwamba usukani si mahali pa pweza. Afungwe nyuma. Kilichobaki ni kamba. Injinia alitaka ya katani, kwa kuwa katani ni kitu asli. Redio alitaka ya nailoni.

— Bi Mwanaasha, wewe unaonaje? aliuliza Hakimu. Ya katani au ya nailoni?

— Nyuma napanda mimi, nilisema.

Nikaingia ndani kufua nguo za kazi.