Bwana Aidarus, Vinyonga na Hina ya Mwanarusi

Tarehe 31 Desemba 1948, Bwana Aidarus bin Abdulghafur anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya Shimanzi kwa miaka ishirini na miwili. Aliingia na nywele nyeusi, anatoka na mvi, na hiyo ndiyo rangi pekee iliyobadilika humu ndani bila mkuu wetu, Daktari Harwood, kuiandikia ripoti.

Kwa wasiotujua, sisi huchunguza jinsi samaki, vyura na vinyonga wanavyobadili rangi. Ndani ya ngozi zao mna chembe ndogo sana zenye punje za rangi. Punje nyeusi zikitawanyika, mnyama huwa mweusi. Zikijikusanya katikati, hupauka. Daktari hutazama chembe kwa hadubini. Bwana Aidarus huwalisha wenye chembe.

Kazi yenyewe si mchezo, maana Mji wa Kale watu humwogopa kinyonga kuliko nyoka. Alipopita Ndia Kuu na kikapu chake, akina mama walihamia upande wa pili wa njia, na muuza kahawa alimwomba, tafadhali sana, anywe akiwa mbali. Mimi karani, mwezi wangu wa kwanza niliandika miguu ikiwa juu ya kiti. Yeye alicheka tu, akasema vinyonga wana adabu kunishinda.

Sasa tuje kwenye lile jambo la mwaka 1944. Vinyonga wetu walifanana mno, na kuwafunga uzi wa alama kuliwaumiza. Bwana Aidarus akapata akili. Mkewe, Bi Mwanarusi, ndiye anayewapamba maharusi mtaani kwao, na hina haikosi kubaki bakulini. Akaanza kuwatia alama mgongoni, huyu nukta, yule mstari, akimtuliza kila mmoja mkononi mpaka hina ishike. Hakumficha mtu. Nani asiyeijua hina akiiona?

Daktari Harwood, basi! Aliona wekundu usiobadilika, mnyama awe gizani, awe juani. Kinyonga akijivua ngozi wekundu ulitoweka, kisha, loo, baada ya siku chache ukarudi! Hata chakula kikamshinda. Alipousifu mbele ya Aidarus, mwenzetu alidhani inasifiwa hina, akampelekea mkewe salamu, naye Bi Mwanarusi akazidisha ndimu ili rangi ikolee. Mimi sikuwahi kusogea karibu kiasi cha kuona chochote.

Siku ya siku wakaja wageni wakubwa kutoka Nairobi. Daktari akasimama kutangaza aina mpya ya chembe za rangi, na makala yake ya kupelekwa London ilikuwa tayari mkononi. Aidarus, amebeba sinia la vinyonga, aliniuliza kwa kunong'ona Daktari anasema nini. Nikamweleza. Ana watoto watano huyu. Akinyamaza, mshahara wake uko salama, kwani hakuna mgeni mle ndani aliyejua hina ni nini. Akisema, huenda akalala hana kazi.

Aliweka sinia mezani, akakohoa, akasema kwa taadhima zote kwamba kinyonga kaumbwa na Mwenyezi Mungu, lakini nukta zile zimetoka bakulini mwa Mwanarusi. Kisha akanigeukia nifasiri. Ee Mola wangu! Nilifasiri neno kwa neno.

Wageni waliangua kicheko. Daktari akawa mwekundu, akapauka, akawa mwekundu tena, kwa kasi ambayo kinyonga wetu yeyote hajaifikia. Akatoka barazani. Aidarus akachukua koti na mwavuli wake, tayari kwenda zake. Mara Daktari akarudi, akairarua ile makala, akampa mkono mbele ya watu wote. Angeipeleka London, angekuwa kichekesho cha dunia, na sisi pamoja naye.

Kabla ya hapo Daktari alimwita "boi", kama tulivyoitwa sote. Tangu siku ile hajamwita ila Bwana Aidarus. Jina hilo hakulipata kwa cheo wala kwa mvi. Alilipata kwa kusema kweli akijua huenda ikamkatia riziki, na sisi wengine tukaanza kuitwa kwa majina yetu kwa sababu yake.

Ahsante, ndugu yetu. Mungu akupe afya, raha ya wajukuu, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na njaa ya mwenye mkia. Nenda salama, Bwana Aidarus.

Tsuma, karani