Matundu Kumi na Manne ya Kasimiri Masolwa

Wazee wetu, padri wetu, majirani wa Ng'ambo, Waislamu kwa Wakristo, na ndugu mliopanda lori kutoka Lusu mkafika mmejaa vumbi, tunawaomba mtulie kidogo kabla mwili haujanyanyuliwa, kwani historia hii ni ndefu kuliko mlizozoea, na urefu wake aliuagiza marehemu mwenyewe akiwa na akili zake timamu.

Kasimiri Masolwa alizaliwa Lusu, Nzega, mwaka 1906, majira ya kupanda mtama, akiwa mtoto wa nne wa mzee Masolwa, mkulima, na mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe hadi pwani mara tatu na mara tatu akarudi. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1915, akasoma shule ya mapadri kuanzia mwaka 1919 hadi darasa la nne mwaka 1923, kisha akafundishwa useremala, na hesabu ya vipimo ikamkaa kichwani kuliko katekisimu, jambo ambalo mapadri walimsamehe kwa sababu milango aliyotengeneza haikupinda.

Mwaka 1926 aliajiriwa na reli, na mwaka 1928 akapelekwa stesheni ya Tura, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi tangu zamani za misafara, ambapo babu yake mwenyewe alikuwa akilala akielekea pwani. Huko alipewa kibanda cha bati tupu, kisicho na dari, na mchana wa jua kali bati lilikuwa likilia tik, tik, tik, kuanzia upande wa mashariki hadi magharibi, naye kijana wa miaka ishirini na miwili akawa anawaambia wenzake kwa mzaha kwamba wale ni wapagazi wa babu, wanapita na mizigo yao na bado hawajafika. Chuki yake dhidi ya joto la bati ilianzia pale, na mzaha ule ulimrudia uzeeni akiwa hacheki tena.

Alihamishiwa Usoke mwaka 1931, na Jumamosi tarehe 21 Novemba mwaka huohuo akafunga ndoa takatifu na Tekla, binti wa mkulima wa pale, ambaye ameishi naye miaka ishirini na minane kasoro mwezi mmoja. Mungu aliwajalia watoto wanne, wawili walitangulia wakiwa wachanga, wakabaki Apolinaria, aliyezaliwa mwaka 1933, na Eustadia, aliyezaliwa mwaka 1935. Mwaka 1936 familia ilihamia Tabora, marehemu akaingia karakana, akajifunza kazi ya umeme kwa kumshikia fundi tochi, na kufikia mwaka 1944 yeye ndiye aliyekuwa akishikiwa tochi.

Nyumba hii mliyokalia uwanja wake aliijenga kwa mikono yake mwaka 1948, matofali ya kuchoma, mabati juu, dari ya mbao chini yake, na nguzo za umeme zilipopita mtaani mwaka 1952 aliomba akavutiwa waya. Mwaka uleule Wazungu waliokuwa wakifunga kambi yao Urambo walinadi vitu vyao, akarudi na mota na mapanga ya feni ndani ya gunia, akakata bati karibu na mgongo wa paa, akaifunga feni pale juu, akaivisha kofia ya bati isiingie mvua, na mtaa mzima ukaja kutazama. Wengine waliiita pangaboi iliyokosea njia, na jirani mmoja alimwambia, "Fundi, siku ukiiwasha kwa nguvu, paa lako tutalifuata Kigoma," naye akajibu, "Mkilifuata, mje na nauli ya kurudi."

Kazi ya feni ile haikuwa kumpepea mtu, ilikuwa kulitoa nje joto lililolala kati ya bati na dari, na kwa ajili hiyo marehemu alitoboa matundu kumi na manne chini ya kingo za paa, saba kila upande, ili hewa mpya iingie kadiri ya kongwe inayotoka. Aliwaeleza wanawe kwa maneno ambayo Eustadia anayakumbuka hadi leo, kwamba feni haina macho, usipoipa hewa ya nje itavuta ya ndani, na haitachagua. Nyumba ikapoa, mama Tekla akaweza kulala mchana baada ya kutoka shamba, na mwaka mmoja ulipita vizuri.

Apolinaria, aliyekuwa ameolewa Usoke, alirudi kwa mama yake kujifungua uzazi wa kwanza kama ilivyo desturi, na Jumatatu tarehe 5 Oktoba 1953 akajifungua salama mtoto wa kike, Bernadeta, mikononi mwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanahawa binti Nassibu, mkunga aliyewapokea watoto wa mtaa huu kwa miaka thelathini. Juma lile popo walikuwa wameingia darini kupitia matundu, kinyesi chao kikawa kinadondoka kwenye nyufa za mbao karibu na kitanda cha mzazi, mama Tekla akalalamika, na Jumapili tarehe 11 marehemu alipanda akaziba matundu yote kumi na manne kwa magunia, akisubiri wavu wa waya aliouagiza uje na treni. Aliposhuka aliuacha mlango wa dari, ambao uko ndani ya chumba kilekile cha mzazi, wazi kidogo, kwa kuwa alikusudia kupanda tena.

Jumatano tarehe 14 Oktoba 1953, saa saba mchana, mama Tekla alikuwa shamba na Eustadia alikuwa kisimani. Bi Mwanahawa aliwasha jiko la mkaa kwenye ukumbi wa kati, nje ya mlango wa chumba, akateleka maji ya kumkanda mzazi, kama alivyofanya nyumba zote, akafunga dirisha mzazi asipigwe na upepo, na Apolinaria alipomwambia, "Bibi, nataka nilale kidogo," akamchukua mtoto kwenda kumwogesha kwake na kuswali adhuhuri. Marehemu alifika nyumbani kwa mapumziko ya chakula, akasikia mwanawe anamwita kutoka ndani, "Baba, niwashie feni, nachemka kama mhogo," akacheka, akabonyeza swichi, akarudi kazini, na magunia aliyoyapachika kwa mikono yake siku tatu kabla hayakumjia akilini hata mara moja.

Saa nane na nusu mama Tekla alimkuta Apolinaria amelala kitandani, midomo myekundu kama ya mtu mwenye afya, na amekwisha kufa.

Ilisemwa ni homa ya uzazi. Baada ya maziko ya binti yake, marehemu alibaki peke yake nyumbani siku moja, akawasha jiko lilelile mahali palepale, akatia majani mabichi juu ya mkaa ili moshi uonekane, akawasha feni, akakaa chini kutazama. Mlango wa uani ulikuwa wazi, lakini moshi haukutoka nje, uliinama sakafuni, ukapita chini ya mlango wa chumba kama mgeni anayekijua kitanda chake, ukapanda juu ya godoro, ukaingia kwenye mlango wa dari. Akajua kwamba sumu ya mkaa ilifuata njia hiyo, na kwamba aliyeichonga njia ni yeye. Alizima feni, akakata waya, na hakumwambia mtu.

Mtaani maneno yalikuwa yameshaanza. Watu waliuliza, "Aliyemtoa mtoto nje, alijuaje kwamba mama atakufa?" na swali hilo, ndugu waombolezaji, wengi wenu mliokaa hapa mliliuliza, na nyumba hii ilipoulizwa ilinyamaza. Bi Mwanahawa hakuitwa tena kwa mzazi yeyote, wasichana walivuka barabara wakimwona, mumewe Shomari alifariki mwaka 1956 na waliokuja kumzika walihesabika. Kwa miaka sita aliishi upande wa pili wa ukuta huu, akimsikia mtoto aliyemwokoa akicheza uani, na hakuruhusiwa kumbeba. Marehemu alikuwa akimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Bi Mwanahawa," ingawa walikaribiana umri, naye akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho, na salamu hiyo ndiyo fidia pekee aliyothubutu kutoa.

Feni haikutolewa. Ikiwa haina umeme, siku za jua kali mapanga yake yalizunguka, mara nyingi kwenye saa nane, na familia ilijua kwamba upepo wa mashariki huingia chini ya ile kofia, kwa hiyo Eustadia alipanda akayafunga kwa waya mara mbili. Mara zote mbili yalisikika tena, na waya ulikutwa juu ya dari umekunjwa vizuri, marehemu akaapa hakuugusa, na familia haina la kuongeza hapo. Siku zake za mapumziko alikuwa akikaa chini ya mlango wa dari akisikiliza bati, akisema wapagazi sasa wanapita wakiwa na mwanamke mmoja kati yao, na kwamba mwanamke yule anaomba afunguliwe apate hewa. Magunia hakuweza kuyagusa, kila akipanda alishuka akiyaacha palepale.

Alistaafu mwezi Juni 1958. Februari mwaka huu alianza kubanwa kifua, akalazwa hospitali mara tatu, na tarehe 2 Oktoba aliwaita mama Tekla, Eustadia na Marko, mdogo wake yeye marehemu, akawaeleza yote mliyoyasikia, akaagiza yasomwe mbele ya jeneza lake. Marko alikataa, akasema, "Kaka, aibu ya mtu haisomwi msibani, watu watakuzika wakikunong'ona." Marehemu akamjibu, "Wamemnong'ona Mwanahawa miaka sita na yu hai. Mkinifukia na neno hili mtakuwa mmeziba matundu mara ya pili." Marko huyo ndiye mnayemsikia akisoma sasa.

Alifariki jana, Jumanne tarehe 13 Oktoba 1959, saa kumi alasiri, dirisha likiwa wazi. Ameacha mjane, binti mmoja na wajukuu watatu, akiwemo Bernadeta, ambaye Eustadia amemlea kama wake.

Jana jioni Eustadia alikwenda kwa Bi Mwanahawa na mtoto, akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni. Bi Mwanahawa alisema, "Mwanangu, majiko nimeyawasha maisha yangu yote, nilijua si jiko peke yake. Nilikuwa nangoja mwenye nyumba aseme." Kisha akasema, "Ingia basi, unamsimamisha mtoto." Bi Mwanahawa amekaa pale mbele, karibu na mjane, na Bernadeta yuko mapajani mwake, na familia inatamka mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba mwanamke huyu hakumuua mtu, aliokoa mmoja, na atakayelirudia lile swali asikanyage tena uwanja huu.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, wafanyakazi wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza, majirani walioleta kuni, maji na mchele, na ninyi nyote.

Leo alfajiri Eustadia alipanda darini na kisu, akakata magunia yote, mwanga ukaingia pande zote mbili. Popo wakija, waje.

Baba Kasimiri, matundu yako kumi na manne yako wazi. Pumzika kwa amani.